Mtoto Aulize, Mama Ajibu

Kisa cha Nabii Musa (A.S.) na Firauni sisi tulikisoma chuoni, juu ya jamvi. Mayahudi hukisoma mezani pia. Usiku wa Pasaka yao kila chakula kina maana. Mkate hautiwi hamira, na tangu unga kutiwa maji hadi mkate kuiva zisipite dakika 18, kwani waliotoka Misri hawakupata nafasi ya kungoja unga uumuke. Mboga chungu ni uchungu wa utumwa. Maji ya chumvi ni machozi. Udongo waliofyatulia matofali hukumbukwa kwa mchanganyiko mtamu, ambao wenye asili ya Baghdad huufanya kwa asali ya tende na jozi. Kisha mtoto mdogo ndiye aulizaye: kwa nini usiku huu si kama mwingine? Wakubwa hawana budi kujibu.

Dini yao ni yao, na yetu ni yetu. Lakini hapo pa mtoto kuuliza pamenichoma. Marehemu mama yangu alipika mkate wa sinia kila Idd. Nilikula miaka na miaka, nisimwulize hata mara moja kipimo cha tui, wala ni nani aliyemfunza. Leo twanunua dukani, na ladha ile siipati.

Rai yangu ni hii: Idd ijayo mtoto asikae ukumbini akingoja sinia. Aingie jikoni, aulize. Nasi tumjibu, tungali hai.