Ngome Hazikuishia Pwani

Sisi wanafunzi wa Morogoro tukichanga nauli kwa ziara ya historia, basi huelekea baharini. Tunakwenda Kaole kuona magofu ya msikiti wa karne ya 13, tunaomba dua makaburini, tunapiga picha. Nimekwenda, na sijutii. Ninachokipinga ni imani kwamba mawe na misikiti ni mambo ya pwani, na bara palikuwa nyasi tu.

Chini ya Uluguru, Kisabengo alijenga mji wa Simbamwene. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, mji ulitawaliwa na binti wa Kisabengo. Aliukuta umezungushiwa ukuta wa mawe, una minara kwenye pembe zake na milango ya mbao yenye nakshi za Kiarabu. Misafara ya Bagamoyo ilipita hapa na vitambaa, bunduki na dini.

Wapo watakaosema Kisabengo aliteka watu, hivyo hafai kuenziwa. Kweli, hafai. Lakini kukumbuka si kuenzi. Kilwa nako watu waliuzwa, na UNESCO imeyaorodhesha magofu yake tangu 1981. Tunayatembelea bila kinyongo. Au dhulma husameheka ikiwa na upepo wa bahari?

Ziara ijayo ianzie hapa. Tulitaje jina la Simbamwene, kisha tuwarehemu waliopitishwa malangoni pake wakiwa wamefungwa. Hao hawana hata magofu.