Hisa za Klabu: Mapenzi au Akiba?

Je, yafaa mpenzi wa kandanda anunue hisa za klabu yake? Jambo hili lataka kupimwa kwa mizani mbili: ya moyo na ya mfuko.

Mwaka 1994 klabu ya Celtic ya Glasgow, huko Uskochi, ilikaribia kufilisika. Fergus McCann aliichukua, kisha akawauzia wapenzi wake hisa. Maelfu walinunua, na fedha zao zikasaidia kuujenga upya uwanja. Hapo kila hisa ilikuwa tofali.

Manchester United nayo iliingia katika soko la hisa la London mwaka 1991. Mwaka 2005 tajiri wa Marekani, Malcolm Glazer, alizinunua hisa zake kwa paundi 3 kila moja, sehemu kubwa ya fedha ikiwa ya mkopo. Alipopata hisa karibu zote, sheria ilimruhusu kuwalazimisha waliosalia wamwuzie. Walilipwa, lakini sauti yao ilikwisha, na klabu ikabebeshwa deni.

Basi, kabla ya kutoa shilingi yako, uliza: hisa zilizo nyingi zimo mikononi mwa nani? Mwenye hisa kumi hawezi kumshinda kwa kura mwenye elfu kumi. Tena mapato ya klabu nyingi humezwa na mishahara ya wachezaji, hata gawio likawa adimu.

Kwa hiyo ada ya watoto na akiba ya kustaafu zisiguswe. Nunua kwa ziada tu, baada ya kushauriana na mwenzi wako. Mali bila daftari hupotea bila habari.