Wauza dawa, tuulizeni "tangu lini?"

Ukienda duka la dawa mtaani kwetu useme unakohoa, utaulizwa swali moja tu: "Ni kikavu ama kina makohozi?" Ukijibu, chupa ishashuka kutoka kwa rafu. Lipa, enda. Hakuna anayekuuliza umekohoa siku ngapi.

Mimi niliuziwa chupa tatu hivyo. Ya tatu iliandamana na amoksilini kwa sababu eti "hii imekaa sana". Ongeza tangawizi na limau, ushauri wa bure wa kila jirani, na wiki tano zikaisha. Muda huo wote nilikuwa nalala chumba kimoja na dadangu na mtoto wake wa miaka miwili. Hapo ndipo najilaumu.

Na tusidanganyane, si pesa zilinizuia. Kupimwa na kutibiwa kifua kikuu katika hospitali za umma hapa Kenya ni bure. Niliogopa jina. Vijana tukisikia TB tunaona mtu amekonda, tunawaza Ukimwi, tunawaza vile watasema kwa ploti. Basi tunajipa majibu wenyewe: ni vumbi, ni baridi ya Julai, ni moshi wa matatu.

Lakini kikohozi kikipita wiki mbili, hakuna anayeweza kukutambulia kwa kukisikia tu, hata awe daktari. TB hukohoza. Pumu hukohoza. Hata asidi ya tumbo ikipanda kooni usiku, kamasi ikiteremka nyuma ya pua, au sigara na vepu (ndiyo, hata hiyo yenye harufu ya embe). Amoksilini haiponyi TB. Mbaya zaidi, kuna antibiotiki kama levofloksasini ambazo zinaweza kukupa nafuu kidogo huku TB bado iko, uone umepona, uchelewe kupimwa.

Nilipojikokota hadi kliniki, niliulizwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza dirishani. Umepungua uzani? Unatokwa jasho usiku? Nani mwingine anakohoa nyumbani? Kinazidi saa ngapi? Nikapewa kikopo nitoe makohozi asubuhi, ya kutoka kifuani kabisa, si mate. Yakapimwa kwa GeneXpert, mashine ambayo kwa kama saa mbili hutafuta vijidudu vya TB na kuonyesha pia kama vimekuwa sugu kwa rifampisini.

Sikuwa na TB. Ila kikohozi changu kilikuwa kinanishika saa tisa usiku na nikipanda ngazi. Nilidhani mwenye pumu lazima kifua kipige mluzi. Kumbe si lazima. Nikapuliza kijibomba cha kupima pumzi, nikavutishwa dawa, nikangoja, nikapuliza tena. Mshale ukapanda juu zaidi. Pumu. Chupa tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya ugonjwa wangu.

Kuna rafiki aliniambia nilijisumbua bure na kile kikopo. Mimi naona hivi: ingekuwa TB, yule mtoto pia angehitaji kuchunguzwa na kupewa dawa ya kinga, na kila wiki niliyokaa na chupa zangu ilikuwa yake pia.

Kwa hivyo msee, hesabu siku zako. Zikipita kumi na nne, pita lile dirisha uende upimwe. Na nyinyi wauza dawa, kabla ya kuuliza kama ni kikavu, anzeni na hili: tangu lini?