Wana Ngara na Biharamulo, Karatasi Isomwe Kabla ya Soda

Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo, Ngara ilipigwa picha nyingi mno. Miongoni mwa wapigaji alikuwa Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefika hadi kambi ya Benaco. Alifariki Mei 2025, na kwa sheria ya Ufaransa, alikofanya makazi, kazi zake zinalindwa miaka 70 baada ya kifo. Pigeni hesabu: mtoto aliyezaliwa Benaco mwaka ule atakuwa amevuka miaka 100 ndipo picha hizo ziwe huru kwa kila mtu.

Simlaumu marehemu. Alitoka jasho, na kazi ina mwenyewe. Ninaowasema ni sisi.

Majuzi nilikaa na kikundi cha ngoma, wachezaji wakiwa bado na njuga miguuni. Mgeni mwenye kamera akatoa karatasi ya Kiingereza, kurasa tatu. Mzee wa kikundi akaigeuza huku na huku, akauliza pa kuweka dole gumba. Akaweka. Posho ikagawiwa, gari likaondoka, nakala haikubaki hata moja. Nami niliyejua kusoma nilikuwa nimeshika soda yangu.

Msidhani sheria ni ya watu wa mjini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa haki aliyerekodi, kweli, lakini inampa pia mwimbaji hakishiriki yake, yaani haki juu ya uimbaji wake. Na ngoma ya jadi ikitolewa nje ya desturi yake kwa ajili ya biashara, kibali ni cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Wapo watakaosema, basi tufunge kila kitu. Hapana! Inanga, ala yetu ya nyuzi, isiposikika huzikwa pamoja na mpigaji wake. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alizunguka Afrika Mashariki na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950, na kanda zake zikahifadhiwa Afrika Kusini. Wakipsigis wa Kenya walirudishiwa nyimbo za wazee wao zaidi ya miaka 60 baadaye. Tracey alikuwa na tabia ya kuandika kadi: nani, wapi, lini. Sisi tuna simu mifukoni na hatuandiki hata jina la mwimbaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya kufungua bila kupoteza ipo. Leseni huria, kama zile za Creative Commons zilizotolewa mwaka 2002, ni mwenye mali kutangaza mapema: chukueni, nakilini, mtutaje, akitaka huongeza, msiuze. Ila ikishatolewa hairudi, na asiye mwenye mali hana mamlaka ya kuitoa, hata awe afisa au mfadhili. Kwa hiyo tuchague. Picha tulizopiga wenyewe za boma la Mjerumani pale Biharamulo, tuzifungue, shule zizitumie. Ngoma ya harusi, tuifungue kwa sharti la kutaja kijiji na wachezaji. Ya matambiko isirekodiwe kabisa mpaka wazee wakae.

Mgeni ajaye aje na karatasi ya Kiswahili, nakala mbili, moja ibaki kwa katibu wa kikundi. Na kabla ya mzee kuweka dole gumba, kijana wa kidato cha nne aisome kwa sauti mbele ya wote, soda zikiwa bado kwenye kreti.