Gitaa Lisile Haki ya Nyumba

Magitaa mengi katika nchi yetu yamelala uvunguni mwa vitanda, nyuzi zimeshika kutu na vumbi limejaa tumboni. Wenyewe hawakuacha kuupenda muziki, wala hawakukatazwa na mtu. Walioa, wakapata watoto, wakashika kazi, na siku zikawapita. Mtu wa namna hiyo akiulizwa kwa nini hapigi tena, hujibu kwamba nafasi haipo. Leo twapenda kulitazama jibu hilo, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko gitaa.

Tutalitazama kwa mfano wa watu wa Kisii na Nyamira. Sisi wa Pwani twawajua zaidi kwa vinyago vya mawe laini ya Tabaka vinavyouzwa kwa watalii Mombasa na Malindi, na kwa majirani zetu waliotoka huko kuja kutafuta riziki mijini mwetu. Ni wachache wetu wajuao kwamba Wakisii ni watu wa nyuzi tangu zamani. Ala yao mashuhuri ni obokano, yenye nyuzi nane, nayo ni kubwa hata mpigaji hana budi kuketi. Bakuli lake ni la mti lililowambwa ngozi, na nyuzi zake za asili ni kano za mnyama. Sauti yake ni nzito, yenye kuvuma na kukoroma, si kama udi wetu unaobembeleza. Gitaa lilipofika nchi ile halikukuta ugeni wa nyuzi, na marehemu Christopher Monyoncho ni mmoja wa waliolifanya liseme Ekegusii kwa mdundo wa benga.

SIKU YA MTU WA SHAMBA

Sasa na tuitazame siku ya mtu wa huko. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Kisii peke yake ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa kutoka baba kwa mwana hata yamekuwa vipande. Katika kipande hicho mna mahindi, migomba na mboga, na penye nafasi mna chai.

Chai haina sikukuu. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, na akisha kulimaliza shamba hurudi pale pale baada ya wiki moja au mbili. Majani yaliyochumwa asubuhi yapasa kufika kituo cha kupimia siku ile ile, yachukuliwe na lori mpaka kiwandani, Kebirigo au Sanganyi au Nyansiongo, kwa kuwa jani likikawia huharibika. Ongeza hapo ng'ombe wa kukamwa asubuhi na jioni, kuni, maji, na watoto wa kupelekwa shule. Na kwa kuwa kipande cha shamba hakitoshi kulipa karo, mume aghalabu ana kazi ya pili: ualimu, uashi, bodaboda au kibanda cha biashara.

Na tuseme kweli: sehemu kubwa ya kazi ya shamba na ya jiko huko, kama ilivyo kwetu, iko juu ya mabega ya wanawake. Basi mume anaposema, "Niacheni saa moja nipige gitaa," saa hiyo haishuki kutoka mawinguni. Imetolewa mahali. Ama ameitoa katika usingizi wake, ama katika uvivu wake, ama ameitoa katika mgongo wa mkewe. Hapo ndipo penye swali lenyewe. Anayetafuta nafasi ya kufanya mazoezi yampasa kwanza ajiulize nafasi hiyo ni mali ya nani.

KILA MWENYE HAKI APEWE HAKI YAKE

Waliosoma chuoni watakikumbuka kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardaa, ambao Mtume (S.A.W.) aliwaunga udugu. Salman alimtembelea nduguye akamkuta mkewe hana habari ya kujipamba, maana mume wake alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha hata hakuwa na haja tena ya dunia. Salman akamlazimisha ale, kisha akamlazimisha alale, na mwisho wa usiku wakaamka wakasali pamoja. Akamweleza kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na ahali zake wana haki juu yake, kwa hiyo ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume alisema kwamba Salman amesema kweli.

Tazama basi, ikiwa hata ibada ya sunna haikuachiwa kula haki ya mke, gitaa litaachiwaje? Lakini kisa hicho kina upande wa pili tunaousahau upesi, nao ni kwamba nafsi pia ina haki. Mtu asiyepata hata robo saa ya kupumzisha moyo wake kwa jambo la halali alipendalo, huleta nyumbani uso uliokunjamana na ulimi mkali. Watu wa nyumbani hawafaidiki na mtu wa namna hiyo, hata kama saa zake zote ni zao.

Twajua wamo kati ya wasomaji wetu wanaoziona ala za nyuzi kuwa hazifai. Wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hilo tangu kale, na ukurasa huu si mahali pa kutoa fatuwa. Ila wote watakubaliana nasi kwamba burudani yoyote, iwe gitaa, bao, mpira au barza ya kahawa, ikimtoa mtu katika faradhi zake imekwisha kuwa balaa.

WALIOTUTANGULIA

Wako wapigaji ambao muziki ulikuwa ndio kazi yao. Fundi Konde, mwana wa Pwani yetu aliyezaliwa 1924 na kufariki 2000, alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu wa namna hiyo haulizi nafasi ya mazoezi iko wapi, maana mazoezi ndiyo mshahara wake. Wengi wetu hatumo katika hesabu hiyo, na ni makosa kujipima kwa kipimo chake.

Kipimo chetu na kiwe wapigaji wa gitaa kavu, lisilo na umeme, waliokaa peke yao au wawili wawili. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, na kwa vidole viwili hivyo msikilizaji hudhani wapo wapigaji wawili. Katika Magharibi ya Kenya marehemu George Mukabi, aliyefariki 1963, alilipiga gitaa lake katika mtindo wa omutibo, na pembeni mwenzake akigonga chupa ya soda kushika mdundo. Hapa pana funzo. Gitaa lahitaji vidole vya mtu mmoja, lakini chupa yaweza kugongwa na mtoto wa miaka saba. Baba anayejifungia chumbani na gitaa lake amewaibia watoto saa. Baba anayeketi barazani na kumpa mtoto chupa na msumari amewapa watoto saa hiyo hiyo, na mazoezi yake yamekwenda mbele.

KIDOGO KIDUMUCHO

Kosa kubwa la watu wazima ni kungoja siku tupu. Mtu husema, "Jumamosi nitakaa saa tatu." Jumamosi ikifika kuna harusi, au matanga, au mgeni, na wiki imepita bure. Chuoni hatukufundishwa hivyo. Mwalimu hakumpa mtoto juzuu nzima siku moja. Alimpa aya chache, akazirudia mpaka zikakaa, kesho akadurusu za jana kabla ya kupewa nyingine. Tena tulifundishwa kwamba amali ipendezayo ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Vidole navyo vina hifadhi yao. Ncha za vidole huota sugu kwa kuguswa nyuzi mara kwa mara, na zikiachwa wiki mbili hulainika na maumivu huanza upya. Dakika 15 kila siku zashinda saa mbili za mwisho wa wiki.

Dakika hizo zifungwe kwenye jambo ambalo tayari lina wakati wake, kama sisi tunavyopanga ahadi zetu baada ya alasiri au baada ya isha. Mtu wa Nyamira ana ng'ombe: akisha kukama na kunawa mikono kwa maji ya moto, vidole vimelainika, na ashike gitaa. Huko milimani mvua nyingi hushuka alasiri, na mvua ya radi ikianza watu hurudi nyumbani. Wakati huo waweza kuishia katika simu ya mkononi, na waweza kuwa wa nyuzi.

Gitaa litundikwe ukutani panapoonekana, mbali na moshi wa jiko, na nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu kwa sababu unyevu wa milimani huleta kutu. Siku moja ifanyiwe jambo moja: kuhama kutoka mshiko mmoja hadi mwingine, polepole, mpaka vidole viende bila kuangaliwa. Wimbo mzima utakuja wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Na mume akipewa dakika hizo, naye atoe zake. Akoshe vyombo, au asimamie masomo ya watoto, mkewe naye apate robo saa ya kufanya apendalo. Na ikiwa apendalo mke ni gitaa hilo hilo, basi apishwe kiti.

Mwisho twasema na wakubwa. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limewapa watoto wa shule jukwaa kwa miaka mingi, lakini mtoto akitoka shule jukwaa hubaki nyuma yake. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti shughuli za utamaduni. Kaunti za Kisii na Nyamira, na za Pwani vile vile, zingeweza kufungua ukumbi mmoja jioni mbili kwa wiki, pawekwe magitaa machache, obokano huko na udi huku, na mzee mmoja ajuaye alipwe kufundisha. Gharama yake si kubwa. Mwalimu, mwashi na mchuma chai hawaombi kufanywa nyota. Waomba mahali pa kukaa robo saa pasipo kumdhulumu mtu.