KAZI YA MWISHO NI YA FUNDI

Fundi wa Kibaha au Kisarawe atengenezaye gitaa kwa kuagizwa huweza kujiuliza: nikisha kupiga randa na kuunganisha mbao, kwa nini nisimpe mwingine kazi ya msasa na vanishi? Swali hili si dogo, maana ndani yake umo ujira wake na jina lake.

Wanaotaka kazi hiyo itolewe nje wana hoja. Vanishi ya kupulizia yataka chumba kisicho na vumbi, na mvuke wake hudhuru mapafu. Tena wakati wa masika unyevu wa Pwani huweza kuitia ukungu mweupe. Fundi mmoja hazimudu gharama za kujikinga na hayo yote.

Lakini vanishi si urembo tu. Ikizidi unene juu ya uso wa gitaa, ubao hautetemi vema na sauti hufifia. Aujuaye ubao ule ni yule aliyeuchonga. Tena amwachiaye mwingine kazi ya mwisho humwachia na faida. Mpingo wetu ni ushahidi: kwa miaka mingi umepelekwa Ulaya ukiwa vipande, ukageuzwa klarineti huko, na thamani kubwa ikabaki huko huko. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Rai yetu ni hii: mafundi wa wilaya hizi mbili waungane katika ushirika, wajenge chumba kimoja cha vanishi, na kila fundi aisimamie kazi yake hata mwisho. Kushirikiana chombo si kuuza ufundi.