Tuguse kwa Mikono, Tusinakili Tu



Sisi wa kalasi ya mwisho tunaomba kusema neno moja mu gazeti letu. Si kwa kulaumu mutu, ni kwa kujenga.

Tangu tuliingia mu sekondari, tumejaza kaye nyingi za shimi. Profesa anaandika ku tablo, sisi tunanakili, siku ya mtihani tunamurudishia maneno yake. Kisha tunasahau. Sisi wote tunajua kuandika kama gazi ya kaboniki ni nzito kupita hewa, karibu mara moja na nusu. Lakini ukituuliza: "Muliiona?", tunanyamaza.

Na hii gazi si mambo ya mbali. Huku kwetu, toka Goma mpaka Sake, inatoka mu udongo wa volkano na kulala mu mabonde na mashimo. Njo yenyewe tunaita mazuku. Macho haiioni. Usiku na asubuhi mapema, wakati upepo hakuna, inazidi. Imekwisha kuua mbuzi, na watu pia. Watoto wengi wanasikia tu kama ni pepo mbaya.

Siku ya posho iliyopita tulienda ku shule ya msingi ya jirani, pamoja na profesa wetu. Tulibeba ndoo moja, mishumaa tatu (mfupi, wa katikati na mrefu), bikarbonati na vinegri. Vyote vilitoka ku soko. Tulisimamisha mishumaa ndani ya ndoo, tukaiwasha, tukatia bikarbonati chini, kisha tukamwanga vinegri polepole pembeni. Povu ikapanda kidogo. Mshumaa mfupi ukazimika, hata povu haikuugusa moto. Kisha wa katikati. Mrefu ukaendelea kuwaka.

Watoto walikuwa kimya kabisa. Halafu binti mmoja akauliza: "Basi mbuzi anakufa mbele ya papa kwa sababu yeye ni mfupi?" Na mdogo wake akasema: "Na miye je? Niko sawa na mbuzi."

Hakuna mutu aliwafundisha maneno ile. Macho yao njo iliwafundisha. Tuliwaambia: musiende kujaribu ku mazuku yenyewe, na kama mutu ameanguka mule, musishuke mbio kumushika, muite wakubwa. Walielewa mara moja, kwa sababu walikuwa wameona mshumaa. Walielewa tena kwa nini wazee wanakataza kulala mu mabonde. Wazee hawakuwa na labo, lakini walitazama.

Wengine watasema: programu ni ndefu, Egzameni ya Serikali iko karibu, vyombo vya labo vitavunjika. Ni kweli, vinavunjika. Lakini chupa yenye kufungiwa mu kabati haivunjike, na haifundishe mutu. Na saa moja ya kufanya kwa mikono haiibie mtihani kitu. Inasaidia kichwa kushika.

Sisi wenyewe pia tuna kosa. Mara ngapi mdogo wetu aliuliza "kwa nini?", na sisi wakubwa tukamucheka ao tukamwambia akae kimya? Tuache ile desturi.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, labo ifunguliwe saa moja kila juma. Sisi tutaosha vyombo na kuvihesabu, na chenye kitavunjika kwa uzembe wetu tutakilipa. Pili, posho moja kila mwezi tuende ku watoto wa shule ya msingi, na ndoo yetu na mishumaa yetu.

Sulemani hakumutuma mvivu ku kaye. Alimutuma ku chungu, aende kumutazama. Basi na sisi tutazame, na tuwaache wadogo wetu watazame. Siku moja mmoja wao atasimama pembeni ya bonde asubuhi mapema, akumbuke mshumaa mfupi, na arudi nyuma. Ile inatosha.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la kalasi ya mwisho